Kiti cha Nyuma Hakina Mtu

Jumatatu, 3 Machi

Bima ya pikipiki inaisha Ijumaa. Mfuko uliisha mapema zaidi. Sina mbele wala nyuma, kama wasemavyo, ingawa pikipiki yangu ina vyote viwili, na vyote viwili vinataka kulipiwa.

Binti yangu amenipa hukumu asubuhi, akipiga pasi mashati ya wateja wa udobi wake. Hata macho hakuinua. Bima ikiisha bila kulipwa, pikipiki haitoki tena uani. Itakwenda kwa Shemeji, ambaye fedha anazo na adabu ya barabarani anayo. Mimi nitakaa barazani nipunge upepo kama wazee wenzangu. Barazani! Mimi, ambaye nusu ya washonaji wa mji huu wangeshona kwa mkono kama nisingewatengenezea cherehani zao! Bila pikipiki siwafikii. Nisipowafikia, mimi ni nani? Kiti cha pili cha barazani.

Shemeji ni kaka wa marehemu mke wangu. Ameitamani pikipiki hii tangu siku za matanga. Leo kaja, kalipapasa tangi, kaliuliza hali kama anayemjulia mgonjwa. Mimi hakuniuliza.

Mchana nikajaribu kuufuta mwaka kwenye stika ya zamani kwa limau na pamba, ili niandike mwaka mpya. Mwaka umebaki. Jina la kampuni limefutika. Sasa nimekatiwa bima na asiyejulikana.

Jumanne, 4 Machi

Kwa wakala wa bima. Chumba kimoja, meza moja, feni isiyozunguka, dirisha linalotazama barabara. Wakala ni mtu wa makamo, mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alinieleza bei kwa subira. Bima kubwa: nilicheka kwa adabu. Bima ndogo: niliacha kucheka. Kisha akatamka jambo lililonichoma kama sindano. Pikipiki isiyobeba abiria hulipa pungufu sana, maana hatari ni ya mtu mmoja tu.

Ukweli ni kwamba mimi hubeba. Nikitoka kwa mshonaji mmoja kwenda kwa mwingine, mtu akipunga mkono, nasimama. Ndiyo petroli yangu hiyo. Lakini wakala hakuuliza habari za petroli.

Aliuliza kama nabeba abiria. Nikasema sibebi. Akauliza, hata mara mojamoja? Nikaweka mkono kifuani. Nikasema kiti kile kilikuwa cha marehemu mke wangu, na tangu nimzike miaka miwili iliyopita hajakaa mtu mwingine pale, wala hatakaa. Maneno mazuri! Hata mimi yalinigusa. Wakala akavua miwani, akaifuta. Nikalipa kidogo nilichokuwa nacho, stika nikapewa palepale.

Mke wangu angekuwepo angenifinya ubavu. Ndiyo ilikuwa desturi yake. Nikikata kona vibaya, nikidanganya bei, gumba na kidole ubavuni, bila neno. Neno lilikuja baadaye, nyumbani: njia ya mwongo ni fupi. Nami nikamjibu siku zote: basi tutaokoa petroli.

Binti ameiona stika. Ametabasamu. Ameniongezea mchuzi.

Jumatano, 5 Machi

Siku mbaya kwa petroli.

Penye kona ya kiwanda cha matofali mtu alinipungia mkono. Nikapunguza mwendo. Akaushusha mkono, akasema samahani mzee, sikuona kama umepakia. Nikatazama nyuma. Kiti kitupu. Nikamwambia apande. Akanitazama kama anayetazama mlevi, akasema atasubiri nyingine, watatu hatutoshi.

Mbele kidogo, mama mwenye kuku wawili. Huyo hakungoja hata nisimame. Alinisuta: tamaa hii, mzee! Mwenzio kakaa kwa taabu upande mmoja, na bado unatafuta wa tatu?

Abiria wa tatu, wa nne, wa tano: wote kimya, wote wanapisha.

Kituo cha mafuta. Dada wa pampu ananijua kwa miaka. Hunitania kwamba pikipiki yangu inanusa mafuta tu, hainywi. Leo hakutania. Alisimama na mpira wa mafuta mkononi, akingoja. Nikamwuliza anangoja nini. Akasema ni sheria ya kituo, abiria ashuke kwanza. Nikasema abiria gani. Hakunijibu mimi. Alitazama juu ya bega langu, akainamisha kichwa kidogo, akasema, "Asante, mama. Pole kwa usumbufu."

Na springi za nyuma zikapanda. Nilizisikia. Mlio ule wa kitanda mtu anapoondoka.

Alipomaliza kujaza, zikashuka tena.

Lazima ziangaliwe, springi zile. Gharama juu ya gharama.

Alhamisi, 6 Machi

Shemeji! Nyoka wa nyumbani.

Kaja wakati wa chakula cha mchana, kavuta kiti bila kukaribishwa. Akamwambia binti yangu, kwa sauti ya mtu anayepeleka pole, kwamba baba yake anazunguka mji mzima na mwanamke. Mchana kweupe! Kaniona kwa macho yake kwenye daraja dogo. Akaniuliza mimi, shemeji yangu, huoni haya? Kaburi la dada yangu halijakauka, wewe ushapata wa kupakia?

Nikasema sina mwanamke, sina hata pesa ya kumpandisha mwanamke. Nilidhani hoja hiyo ya pili ingetosha.

Binti aliweka kijiko chini. Macho yamejaa. Akauliza mwanamke yukoje. Shemeji akasema uso hakuuona, alikuwa ameugeuzia nyuma. Kakaa kiupande. Kashika mfuko mapajani kwa mikono miwili, kama anayeogopa kuibiwa.

 Hata Shemeji mwenyewe alikisikia alichokisema. Mkono wake ulisimama katikati ya sahani na mdomo.

Binti akainuka, akaenda chumbani kwangu. Mfuko wa ngozi wa mama yake umetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, hajaugusa mtu tangu msiba. Akarudi nao. Aliuweka mezani katikati ya sahani, taratibu.

Ulikuwa na vumbi. Si vumbi la ndani, lile la kijivu. Lilikuwa vumbi jekundu la barabara ya kiwanda cha matofali, jipya, na juu yake alama za vidole kumi.

Nilisema dirisha la chumba changu halifungi vizuri.  Shemeji aliondoka bila kumaliza chakula, jambo ambalo halijapata kutokea.

Nimekimalizia mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata dawa. Akili ni mali!

Kama watu wanaona mtu kitini, basi kiti kisiwe na nafasi ya mtu. Asubuhi nimefunga pale kichwa cha cherehani, kile kizito cha chuma, na sanduku la vifaa juu yake, kwa kamba tatu za mpira. Hata paka asingepata pa kukaa. Nikaondoka nikipiga mluzi.

Nilifika kwa mshonaji tunayemwita Mama Vifungo, mteja wangu mkubwa, mwanamke asiyemwogopa mtu. Alitoka mlangoni na futi shingoni, akatazama, akaanza. Sijatukanwa hivyo tangu utoto. Mzee mzima! Mwanamume na mvi zako! Unamkalisha mama wa watu juu ya pikipiki, halafu unamtwisha chuma chote kile mapajani? Na sanduku juu? Hata mdomo wake hauonekani! Kweli mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi!

Akasogea, akanyoosha mikono kumpokea mtu. Nilimwona akipokea. Kamba zilikuwa bado zimefungwa, mafundo yangu yaleyale, lakini kichwa cha cherehani kilikuwa mikononi mwake. Akasema, karibu ndani, mama, upumzike. Akasikiliza. Akasema, haya, kama hutaki. Kisha akanigeukia na kuninong'oneza kwamba mikono ya mgonjwa wangu ni baridi sana, nimpeleke akaonwe.

Kazi nilifanya. Malipo alinikata, kwa ajili ya ukatili.

Wakati wa kurudi mvua kubwa. Nililowa kifua, magoti, viatu vimejaa maji. Nyumbani nikavua koti. Mgongo wa koti mkavu. Mkavu kabisa, toka mabegani hadi kiunoni, na kwenye ubavu wa kushoto alama kavu ya mkono mmoja.

Koti zuri hili. Sikujua linazuia maji.

Jumamosi, 8 Machi

Wakala ameniita. Nimemkuta ofisini kafunga dirisha, na joto lote lile.

Alisema kwa unyonge kwamba jana, kabla ya mvua, aliniona nikipita na abiria. Nikaapa. Akasema yeye si mtoto, na huyo mama alimsalimu. Nilipunguza mwendo kwenye tuta, mbele ya dirisha, naye mama akamsalimu kwa jina la kazi yake, vizuri, kama mtu aliyelelewa. Akamwambia jambo moja. Wakala hakulielewa, labda mimi nitalielewa. Alimwambia, njia ya mwongo ni fupi.

 Wakala huyu hakupata kumjua mke wangu. Alihamia mji huu mwaka jana.

Nilikaa. Nilitaka kumwuliza kama alionekana amechoka. Kama bado anakohoa. Nilifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa: tofauti ya bei ni kiasi gani?

Ni kubwa. Nilipe ifikapo Jumatatu, bima ya abiria, la sivyo stika inabanduliwa na binti yangu anaarifiwa. Nikamwomba punguzo, maana abiria mwenyewe, kwa namna fulani, hawezi kuumia tena.  Akasema kampuni haina kipengele hicho.

Jumapili, 9 Machi

Nimeiosha pikipiki. Mikono ikifanya kazi, kichwa nacho kinapata nafuu.

Tulipohama kwetu tulihama na pikipiki hii. Mimi mbele, mke wangu nyuma kiupande, binti yetu katikati kama barua iliyobanwa kitabuni, na mfuko ule mapajani mwa mama yake. Ndani yake mkasi wa kukatia vitambaa, kipande cha sabuni, nguo moja ya mtoto. Mimi nilitazama barabara. Yeye alitazama tulikotoka, siku nzima, mpaka shingo ikamkakamaa. Tulipofika nikamwuliza alikuwa akiona nini kule. Akasema lazima mmoja wetu aangalie, maana wewe huangalii.

Mtu akikaa ugenini muda mrefu, hukisahau kijia na kukumbuka jiwe lililokuwa kando yake. Mimi nakumbuka uzito wake mgongoni. Siwezi kusema nilikuwa nimeusahau. Wiki hii nilipanda milima yote kwa gia ya pili, kama zamani, na mkono ulijua kabla yangu.

Nikaweka kiganja juu ya kiti cha nyuma. Jua lilikuwa halijafika upande ule. Kiti kilikuwa na joto.

Nikamwomba. Kwa heshima, kama mtu na mkewe. Nikamwambia ashuke kidogo tu, siku moja, apite wakala na dirisha lake, kisha arudi akae atakavyo. Springi hazikusogea.

Binti alikuwa mlangoni. Sijui alisimama pale tangu lini. Hakulia. Alikuja akachuchumaa kando yangu, akachukua kitambaa, akaanza kufuta tairi ambalo nilikuwa nimeshalifuta. Kisha akatoa fedha zilizofungwa kwenye pembe ya khanga yake. Alikuwa anaziweka akiba ya pasi mpya. Akasema, "Baba, kesho nenda ukamwambie ukweli. Kwamba unabeba. Nitaongezea mimi. Pikipiki yako, baba, sitaki kuigawa. Nataka tu uwe unarudi."

Nilimwahidi. Nilikuwa na machozi ya kweli. Ukweli mtupu kesho, kila neno.

Jumatatu, 10 Machi

Sijui kama kuna mtu mwenye bahati kama mimi.

Nilifika kwa wakala na fedha za binti mkononi, ukweli mdomoni. Mbele yangu alikuwa bwana mmoja anayesafiri, pikipiki yake itakaa ghalani mwaka mzima. Wakala akamwambia bei. Nusura nianguke. Karibu na bure! Kwa nini? Kwa sababu pikipiki isiyoendeshwa na mtu haina hatari yoyote.

Isiyoendeshwa na mtu.

Zamu yangu ilipofika, ukweli ulikuwa umeshachelewa. Nikamwambia wakala nimefikiri, umri umekwenda, nimeiegesha. Nimekuja kwa miguu. (Helmeti nilikuwa nimeiacha nje.) Akauliza, hutaiendesha hata mara mojamoja? Nikaweka mkono kifuani. Nikasema pikipiki ile haina mwendeshaji. Mtu wa kukaa pale mbele hayupo.

Wakala akashusha pumzi, akasema afadhali, maana yule mama anamnyima usingizi. Akachukua stika nyingine. Na wakati anaisukuma mezani macho yake yakaniteleza, yakapita begani kwangu, yakatulia ukutani. Akaita, nani anafuata? Nilikuwa bado nimekaa. Mama mmoja akaja kukaa kwenye kiti hichohicho, nikachomoka kwa shida. Hata samahani!

Utovu wa adabu tu. Lakini kwa bei ile, asiniage.

Fedha za binti nimezitia soksini. Nitazirudisha siku moja, ghafla, afurahi.

Jumanne, 11 Machi

Naandika haya uani, jua linazama, moyo mweupe.

Ushindi! Kwenye mzunguko walikuwepo askari wawili wa barabarani, wanasimamisha kila chombo. Mimi na stika yangu ya pikipiki ya ghalani! Nilijikaza. Wa kwanza aliinua mkono, akautazama mkono wake, akaushusha. Wa pili alivua kofia, akaiweka kifuani, akarudi nyuma hadi mtaroni. Hawakunitazama mimi hata kidogo. Walitazama nyuma yangu.

Kituo cha mafuta, dada wa pampu alijaza tangi mpaka juu akiwa amefumba macho. Akasema, safari njema, mama. Fedha hakudai. Bure!

Kazi haikuwa nzuri sana. Kwa Mama Vifungo nilibisha hodi mara kadhaa. Alifungua, akatazama kulia, akatazama kushoto, akaiona pikipiki, akafunga mlango na komeo. Kwa washonaji wengine hivyohivyo. Shemeji nilimpita darajani, nikamtukana vizuri, tusi nililoliweka akiba tangu Alhamisi. Hakugeuka. Alipiga goti.

Nyumbani nimekuta binti amepakua. Sahani moja. Nimesalimia, hakuitika. Nadhani amejua habari ya soksi, naye akinuna hununa kama mama yake. Nimesema kwa sauti kwamba nimerudi, si ulitaka niwe narudi?  Amepita karibu kabisa na magoti yangu, na kikombe cha chai mkononi, akakiweka juu ya kiti cha nyuma, kwa uangalifu, kama anayemkabidhi mtu. Akasimama pale. 

Kisha akauliza, taratibu sana, "Mama, baba yuko wapi?"

Nimemjibu: niko hapa! Mara tatu nimejibu. Ameendelea kungoja jibu kutoka upande ule mwingine.

Kesho atakuwa ameshapoa. Hasira zao haziendi mbali. Mimi kesho alfajiri nina safari: nakwenda kwa wakala kuuliza bima ya maisha. Imenijia sasa hivi, wazi kama mchana. Mtu ambaye askari hamwoni, mvua haimpati mgongoni, na chakula hapakuliwi, hatari yake ni ndogo mno. Lazima wawe na bei ya mtu kama huyo. Nitaweka mkono kifuani, nitamwambia...

Nimefinywa ubavu. Kushoto, gumba na kidole, kwa nguvu zote.

Baridi ya jioni hii. Kesho nivae koti.